Kizuri Chajiuza? Kuhusu Bei za Santuri za Soul za Mombasa, Nairobi na Dar



Kila tunapozungumzia muziki wa zamani wa kwetu, kuna hoja moja inayorudi kama homa ya vipindi. Mtu ameona mtandaoni santuri ndogo ya bendi ya Mombasa au Nairobi ya miaka ya 1970 ikiuzwa kwa dola mia na ushei, basi anatuletea habari kwa shangwe: "Mnaona? Muziki wetu una thamani, wenzetu Ulaya wameshautambua." Wa pili anaitikia, wa tatu anasikitika kwamba mzee wake alizitupa jalalani, na mjadala unaishia hapo. Wahenga wametuambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo kilichouzwa ghali lazima kiwe kizuri, au sivyo?

Sivyo. Na sisemi kwamba bei hizo ni za uongo, watu wanalipa kweli. Ninachopinga ni kuifanya bei iwe hakimu wa uhakiki, tena na sisi ambao kazi yetu, au walau mapenzi yetu, ni lugha na fasihi. Bei ya santuri inatueleza jambo, lakini jambo lenyewe linamhusu mnunuzi kuliko wimbo. Tukilisahau hilo, tutajikuta tunahifadhi kile ambacho wengine wamekitamani na kuacha kilichobaki kiliwe na mchwa.

Nianze na hapa nilipo. Industrial Area iko kusini-magharibi mwa Doha, kando ya barabara ya Salwa. Mitaa yake inajulikana kwa namba tu, Street fulani na Street fulani, na imejaa gereji, maghala, maduka ya spea na makambi ya wafanyakazi. Mtu anayetaka kuelewa uhusiano wa mahitaji na bei hana haja ya kwenda chuo kikuu, na atembee mitaa ya spea siku moja. Taa ya nyuma ya gari lililotoka juzi na taa ya gari lililoacha kutengenezwa miaka 20 iliyopita ni plastiki ile ile. Lakini muuzaji hauzi plastiki, anauza shida ya mteja. Anakupima: gari lako limekwama barabarani? Umeshapita maduka mangapi ukakosa? Na hapa kuna funzo ambalo wengi wanalipita. Kama gari la aina hiyo limebaki moja tu mjini, na mwenyewe ameamua kununua jingine, taa ile pamoja na uadimu wake wote ni takataka. Uadimu peke yake hauna bei. Uadimu unahitaji mtu anayekosa usingizi kwa ajili yake.

Soko la santuri za soul ndivyo lilivyo, na historia yake inajulikana vizuri kwa sababu Waingereza waliiandika wenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, vijana wa miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza walikuwa wakikesha wakicheza soul ya Marekani, hasa ile ya kasi iliyofuata mtindo wa Motown. Mwandishi Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London, ndiye anayehesabiwa kuwa aliupa mtindo huo jina la Northern Soul. Ukumbi wake uliovuma kuliko yote, Wigan Casino, ulianza mikesha hiyo mwaka 1973 ukafungwa mwaka 1981. Sasa, wapiga santuri wa kumbi hizo walikuwa wanashindana, na silaha yao haikuwa ufundi wa mikono. Ilikuwa kumiliki wimbo ambao mwenzako hana. Kwa hiyo walitafuta nyimbo zilizoshindwa sokoni Marekani, zile ambazo hazikununuliwa, na wakishazipata wanabandika karatasi juu ya lebo ili mpinzani asisome jina. Wengine walizibatiza kabisa majina ya uongo.

Mfano unaotajwa kila mahali ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, iliyorekodiwa mwaka 1965 kwa lebo ya Soul, tawi la Motown. Haikuwahi kuuzwa madukani, na nakala za asili zinazojulikana zinahesabika kwa vidole. Ilipoanza kuvuma Wigan iligongwa kinyemela kwa jina la Eddie Foster. Mwaka 1979 Motown wenyewe wakaitoa rasmi Uingereza, kila mtu akaweza kuinunua kwa bei ya kawaida. Mtu wa kawaida angetarajia nini hapo? Bei ya nakala ya asili ishuke, kwani wimbo sasa unapatikana. Haikushuka. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 ikaripotiwa nyingine kuuzwa kwa pauni 100,000. Wimbo ni ule ule unaoweza kuusikia bure kwenye simu.

Mfano wa pili unachoma zaidi. Darrell Banks alitoa "Open the Door to Your Heart" mwaka 1966, na Marekani wimbo ulivuma. Santuri yake ya Marekani si adimu. Uingereza ilitolewa na lebo ya Stateside, lakini kabla ya hapo lebo ya London ilikuwa imeshaigonga na kulazimika kuiondoa. Nakala moja ya hiyo lebo ya London iliuzwa, miaka kumi hivi iliyopita, kwa zaidi ya pauni 14,000. Sauti ile ile, mwaka ule ule, mwimbaji yule yule. Kilichotofautiana ni karatasi ya katikati. Baada ya hapo sioni mtu anawezaje kusema bei inapima muziki.

Tuje kwetu. Kufikia miaka ya 1990 na 2000, wakusanyaji wa Ulaya walikuwa wameshaichimba Marekani vya kutosha, wakaigeukia Afrika. Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wa Éthiopiques mwaka 1997. Soundway ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2002 ikaanzia Ghana na Nigeria, na mwaka 2013 ikatoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, kisha juzuu la pili mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2016 Strut walitoa upya kazi zote za Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ambayo santuri yake kubwa, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976. Kila toleo la namna hii lilifanya kazi mbili kwa pamoja: liliwapa watu wengi wimbo kwa bei nafuu, na liliwaonyesha wachache wenye fedha nakala gani ya asili waitafute. Ndiyo maana msishangae kwamba santuri ikitolewa upya, ile ya zamani mara nyingi hupanda. Toleo jipya ni tangazo la biashara la toleo la kwanza.

Hebu sasa tuangalie santuri za Afrika Mashariki zilivyo sokoni. Sina Makosa ya Les Wanyika, Shida ya Mbaraka Mwinshehe, hizi ni nyimbo zilizopigwa kila baa kuanzia Kisumu hadi Mtwara. Nani asiyezijua? Lakini kwa mkusanyaji si mali kubwa. Kwanza zilifyatuliwa kwa wingi, kwa hiyo zipo. Pili, zilizopo zimechoka. Zilipigwa kwenye majukboksi, kwenye harusi, kwenye gramafoni za betri zenye sindano butu, zikaazimwa jirani hadi jirani, zikamwagiwa bia. Soko linapanga santuri kwa madaraja ya hali yake, na tofauti ya daraja moja inaweza kukata bei nusu. Santuri iliyopendwa imekufa kwa kupendwa.

Upande wa pili iko santuri ya bendi iliyoimba soul kwa Kiingereza, Nairobi au Mombasa, ikafyatuliwa nakala chache, ikakaa dukani bila mnunuzi. Haikuguswa na sindano. Miaka 40 baadaye inatolewa kwenye ghala ikiwa bado inang'aa. Ni adimu kwa sababu haikuuzwa, na ni safi kwa sababu hiyo hiyo. Kushindwa kwake kwa zamani kumelipwa mara mbili. Wanaopita duka la Melodica pale Tom Mboya Street, Nairobi, au kibanda cha Jimmy Rugami ndani ya Kenyatta Market, wanajua namna wageni walivyokuwa wakipekua mabunda: wimbo uliowaliza mama zetu wanaupita, wanasimama penye neno "funk" au "soul" kwenye lebo. Siwalaumu, mtu hununua anachokitaka. Ila tusiite kitendo hicho utambuzi wa muziki wetu. Ni utambuzi wa muziki wao ndani ya muziki wetu.

Kuna jingine kuhusu huo uadimu. Siku hizi bei nyingi zinatokana na tovuti ya Discogs, iliyoanza mwaka 2000. Kila santuri ina ukurasa wake, na juu yake kuna hesabu mbili: watu wangapi wanayo, wangapi wanaitaka. Chini yake kuna bei zilizowahi kulipwa: ya chini, ya kati na ya juu. Muuzaji anatazama hapo kabla ya kutaja bei, mnunuzi naye anatazama hapo kabla ya kukubali, kwa hiyo bei ya jana inazaa bei ya leo. Ukiona ukurasa unaosema watu 9 wanayo na watu 200 wanaitaka, moyo unadunda. Lakini hao 9 ni akina nani? Ni wakusanyaji waliojiandikisha. Bibi wa Kibokoni mwenye sanduku la santuri chini ya kitanda hayumo kwenye hesabu hiyo. Mzee wa Tanga aliyezipanga juu ya kabati hayumo. Uadimu unaopandisha bei ni uadimu wa daftari lao. Kitu kinaweza kuwa adimu kwenye tovuti na kuwa cha kawaida Mwembe Tayari, na akitokea mtu anayezijua pande zote mbili, hapo ndipo penye faida yake. Ndio biashara yenyewe hiyo, kununua kwa bei ya Mwembe Tayari na kuuza kwa bei ya daftari.

Na kisichofyatuliwa je? Huu ndio ushahidi wangu mkubwa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, nyimbo zikarushwa hewani na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio. Waliotaka santuri walipeleka kazi Nairobi, na baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa mpaka mwaka 1983, hata njia hiyo ilibanwa. Matokeo yake, sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania uliopendwa mno haikuwahi kuwa bidhaa ya kukusanywa. Bei yake kwa mkusanyaji ni sifuri, maana hakuna cha kununua. Kama bei ndiyo thamani, basi NUTA Jazz ya hewani haina thamani. Kuna mtu humu barazani atakayekubali hivyo? Tukienda kwenye taarabu ni vilevile. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, nyimbo zake nyingi zilitungwa na Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, na watu walizijua hasa kwa kaseti za Mbwana Radio Mombasa. Ushairi wa daraja la juu kabisa katika lugha hii uko kwenye kaseti ambazo soko la wakusanyaji halizipi hata nauli ya kuzituma.

Najua kuna watakaoyapokea haya kwa furaha isiyo sahihi. Watasema, "Enhe, ndiyo maana tunasema soul ya Mombasa na Nairobi ni uigaji tu, wazungu wanununue waende nayo." Hapana, jamani, huko mimi simo. Hukumu hiyo imeshawahi kutolewa na tunajua ilivyokwenda. Mwezi Novemba 1969 wakuu wa mkoa walipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, katika kipindi kile kile cha Operesheni Vijana, ambapo sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vilikuwa vinapigwa vita. Mabishano yakaingia magazetini: kama huu ni muziki wa Wamarekani weusi, ndugu zetu katika mapambano, iweje uitwe wa kikoloni? Lilikuwa swali zuri na halikujibiwa. Serikali iliweka bei yake: sifuri. Miaka 40 na zaidi baadaye soko likaweka yake: dola mia. Ukitazama vizuri, hukumu hizi mbili ni ndugu. Zote zinautazama muziki kwa jina la mtindo ulioandikwa juu ya lebo. Mmoja ameona "soul" akakataza, mwingine ameona "soul" akatoa pochi. Hakuna aliyekaa kitako akasikiliza.

Wakisikiliza watasikia nini? Chukueni Slim Ali na Hodi Boys. Hawa ni watu wa Mombasa walioimba soul kwa Kiingereza, na aliyelelewa Pwani anasikia Pwani katika namna Slim Ali anavyoibeba irabu, anavyoikalisha sauti mwisho wa mstari pasipo haraka. Kisha msikilizeni katika "Sina Raha", aliyoimba na Hafusa Abasi, iliyoingizwa kwenye Kenya Special. Lugha imebadilika, na kile kilichokuwa kimejificha kwenye Kiingereza chake kinatoka nje. Huwezi kumwelewa Slim Ali wa Kiingereza bila Slim Ali wa Kiswahili. Au Sal Davis, mwana wa Mombasa pia, aliyevuma kwa "Makini" na akapita katika mitindo mingi ya nje bila kuipoteza lafudhi ya kwao. Au Matata, bendi ya Nairobi iliyohamia London mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kurekodi na President Records. Hawa hawakuwa wakiiga kwa kukosa chao. Mombasa imekuwa ikipokea na kugeuza tangu kabla ya gramafoni: midundo ya Kihindi, nudi ya Waarabu, beni ya tarumbeta. Soul ilipofika ilipokelewa kwenye foleni hiyo hiyo. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha kilichogeuzwa, na hapo bei haimsaidii, iwe sifuri au mia.

Nirudi Industrial Area, maana kuna neno kwenye somo la uchumi ambalo linatuhusu sisi wa Ghuba moja kwa moja. Wachumi wakisema "mahitaji" hawamaanishi kutaka tu. Wanamaanisha kutaka pamoja na uwezo wa kulipa. Huku kwenye makambi wako Wakenya, Watanzania, Waganda, walinzi na madereva na mafundi, ambao muziki wa zamani ni chakula chao cha jioni. Ijumaa usiku utasikia Simba Wanyika kwenye simu, spika imewekwa ndani ya bilauri ili sauti ikue, na watu wanabishana nani alipiga solo na mwaka gani. Upendo huo hauonekani kwenye hesabu ya "wangapi wanaitaka". Tangu Machi 2021 mshahara wa chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, ukiacha posho ya chakula na malazi. Kwa kiwango cha riyali 3.64 kwa dola, hiyo ni kama dola 275. Santuri moja ya mkusanyaji, zile za ghali, inakula mshahara wa msingi wa mwezi mzima na kubakisha deni. Kwa hiyo soko linapotuambia "huu ndio unaotakiwa", linamaanisha unatakiwa na mwenye chumba cha kuhifadhi na kadi ya benki. Anayejua mashairi yote kwa moyo hahesabiwi. Ukipiga kura ya masikio, Les Wanyika anashinda asubuhi na mapema. Ukipiga kura ya pochi, anashinda mtu ambaye nyumbani kwake hawakumnunua.

Nisionekane mtovu wa shukrani. Mahitaji hayo ya pochi yamefanya mema ambayo sisi hatukuyafanya. Santuri nyingi zilikuwa njiani kwenda jalalani, na zimeokoka kwa sababu mtu alisikia kwamba zina bei. Matoleo mapya yamekuja na vijitabu vyenye majina, miaka na picha, na baadhi ya makampuni yamewatafuta wanamuziki au familia zao wakaandikishana mikataba. Sunburst leo inasikika na mtoto wa Dar ambaye asingeijua. Hayo tuyakubali. Lakini tukubali pia mipaka yake. Santuri ya mtumba ikiuzwa dola 300, aliyeimba hapati hata senti moja, fedha yote ni ya muuzaji. Na vijitabu, hata vikiwa vizuri, huandikiwa mnunuzi. Yeye anataka kujua nani alipiga besi. Hana haja ya kujua neno lile kwenye ubeti wa pili ni la Kimvita au la Kiamu, na linamchoma nani. Kisichotakiwa na mnunuzi hakiandikwi.

Na hapo ndipo penye hatari. Mahitaji hayaishii kwenye bei. Yanaamua nini kichimbwe, nini kisafishwe, nini kitolewe upya, nini kiandikwe historia. Baada ya miaka 20 mwanafunzi atakayeandika tasnifu kuhusu muziki wa Nairobi wa miaka ya 1970 ataanza na kilichopo mezani, na kilichopo mezani kitakuwa kimechujwa na wapiga santuri wa London na Berlin. Ataandika kwa nia safi kabisa kwamba mji ule ulikuwa mji wa funk. Bei itakuwa imegeuka kuwa historia, na sisi tuliokuwa na masikio tutakuwa tumenyamaza.

Dawa ni ipi? Wapo wanaosema serikali zizuie santuri kutoka nje. Mimi sioni faida, kwani kinachozuiwa mpakani bila kutunzwa nyumbani hufa nyumbani. Wapo wanaosema tuchange tununue. Tukishindana kwa fedha tutashindwa, tena tutakuwa tunaipandisha bei sisi wenyewe. Ninavyoona, tunaweza kuleta mahitaji ya aina nyingine, ambayo hayagharimu kitu ila kazi. Msomi akiuliza maneno ya wimbo, akayaandika, akaeleza mafumbo yake, akataja mtunzi, tayari ameuongezea wimbo ule kitu ambacho santuri safi peke yake haina. Wimbo ulioandikwa unatafutwa. Ukishatafutwa utahifadhiwa, hata kama uko kwenye kaseti ya shilingi hamsini. Waingereza wa Wigan walifanya nini zaidi ya hapo? Walizipenda santuri zilizotupwa, wakazizungumza, wakaziandika, wakabishana juu yake mpaka dunia ikasikia. Fedha zilikuja nyuma ya mazungumzo. Sisi tunasubiri fedha zije ndipo tuanze kuzungumza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Discogs lipo na tunaweza kuliandikia. Mtu yeyote anaweza kuongeza santuri au kusahihisha jina lililokosewa, na majina yetu yamekosewa mno. Mwenye sanduku la santuri nyumbani, au mjomba mwenye sanduku, na aanze na tano tu: jina la bendi, waimbaji, mtunzi kama lilivyoandikwa kwenye lebo, namba ya santuri pamoja na ile iliyochongwa karibu na tundu la katikati, na mwaka kama upo. Kisha aandike maneno ya wimbo kama anavyoyasikia, hata kama hana uhakika na mstari mmoja au miwili. Wa Lamu, wa Unguja na wa Bukavu tutakamilishana. Hali ya santuri na bei yake mwisho kabisa, au asiandike.

Mwenye rai tofauti na ailete, hasa wale wa Muscat na Toronto ambao najua mmekusanya kwa miaka mingi na mnajua bei kuliko mimi.

Wasalaam.